Usisubiri lehemu ipande

Makala inasema mwenye kisukari asubiri lehemu (kolesteroli, mafuta ya kwenye damu) ipande ndipo aanze dawa. Hapana, ndugu mwandishi. Kwa mtu wa miaka 40 hadi 75, kisukari chenyewe ni sababu tosha ya kuanza statini, yaani dawa za kushusha lehemu, mara nyingi atorvastatini miligramu 10 au 20 kwa siku, hata kipimo cha lehemu kikiwa kizuri. Arudie kipimo baada ya wiki 4 hadi 12. Hapo ndipo wengi huku Moshi wanapokosea: majibu yakishuka, kidonge kinabaki kabatini. Jamani, kilichoishusha lehemu ni hicho kidonge! Ukikiacha, wiki chache tu imerudi palepale. Simvastatini, statini nyingine, inamezwa usiku, atorvastatini saa yoyote. Misuli ikiuma sana na mkojo ukawa kama chai ya rangi, acha dawa, wahi hospitali siku hiyohiyo.