Gari la Mjomba Limejiponya

Mjomba wangu anaamini kwamba taa ya dashibodi ikiwaka na gari bado linatembea, taa hiyo haina neno. Ingekuwa na neno, gari lingesimama. Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Nakuru, nashinda gereji nikiunganisha nyaya zilizotafunwa na panya, lakini katika ukoo wetu fundi huitwa gari likishakufa. Kabla ya hapo yeye ni mpwa tu, na mpwa hukaa nyuma, magoti kidevuni, miguu juu ya kreti ya soda.

Ndivyo nilivyokaa siku tuliyopeleka mahari ya binamu yangu kule Ahero, karibu na Kisumu. Mbele alikaa mjomba na mshenga wetu, mwalimu mstaafu. Pembeni yangu shangazi, na mapajani mwake blanketi la mama mkwe lililofungwa utepe mwekundu. Binamu mwenyewe alikuwa ametangulia na mbuzi kwenye pikapu.

Mjomba alipofungua swichi nilichungulia dashibodi katikati ya mabega yao. Pale ndipo pa kulisoma gari. Ufunguo ukiwa ON na injini haijanguruma, taa za onyo zinatakiwa ziwake zote, kama wanafunzi wanaoitwa majina. Baadhi zitazima zenyewe baada ya sekunde chache, na zile za betri na oili zitazima injini ikishika. Asiyeitika, mtafute. Ya airbag haikuitika kabisa, huenda mtu aliing'oa balbu ama kuikatia waya ili gari liuzike. Ya injini iliitika kutoka chini ya kipande cha tepu nyeusi, mwanga wa njano ukipenya ukingoni.

“Mjomba, hii tepu ni ya nini?”

“Ilikuwa inanichoma macho usiku.”

Ile ya njano ikitulia bila kupepesa, mara nyingi unaweza kuendesha taratibu hadi gereji wakaisome kwa mashine. Wakati mwingine ni kifuniko cha tangi la petroli tu hakikukazwa. Ikipepesa ni habari nyingine: kuna silinda haichomi, petroli mbichi inamiminika kwenye ekzosi na kuunguza kichujio cha moshi ambacho bei yake itakukumbusha karo ya shule. Hapo unaondoa mguu kwenye mafuta mara moja. Chini ya tepu, utajuaje kama inapepesa?

Injini ikashika. Sauti ya mwanamke mpole ikatoka kwenye dashibodi ikasema sentensi ndefu ya Kijapani.

“Amina,” mwalimu akaitikia.

Ni kile kifaa cha ETC, cha kulipia barabara kuu za Japani. Kinalalamika kwamba kadi haijaingizwa. Gari limevuka bahari, limeshuka Mombasa, limepanda hadi Nakuru, na bado linadai kadi.

Asubuhi ilikuwa ya baridi, kwa hiyo taa ya buluu yenye alama ya kipimajoto iliwaka. Magari mengi madogo ya siku hizi hayana mshale wa joto. Yana buluu kwa injini baridi na nyekundu kwa injini iliyozidi joto, na katikati hakuna kitu. Buluu haina ubaya, unaenda polepole mpaka izime. Mjomba lakini aliamini buluu zote ni taa kubwa za mbele, basi akawa anasukuma na kuvuta kile kijiti cha taa ili kuizima. Kila gari tulilopishana nalo lilitumulika kwa hasira, naye akawapungia wote mkono akidhani ni salamu.

Tukiwa karibu na Ngata, taa nyekundu yenye alama ya mshangao ikaanza kumeta kila tulipokata kona. Mjomba akaipiga handibreki makofi mawili. Taa hiyo ni ya handibreki, ndiyo, lakini ikimeta kwenye kona na unapofunga breki huku handibreki imeshuka, maji ya breki yamepungua na yanacheza ndani ya kikopo. Hapo nilikataa kata kata, tukaingia petroli stesheni. Yalikuwa chini kidogo ya mstari wa MIN. Huongezi tu ukaenda zako: maji ya breki hushuka kwa sababu pedi zimelika au mahali panavuja. Nikachungulia magurudumu yote ndani na nje, yalikuwa makavu. Pedi za mbele, ukizitazama kupitia matundu ya rimu, zilikuwa bado na unene wa milimita tano hivi. Tukaongeza maji ya breki ya aina ya DOT 3, kama ilivyoandikwa kwenye kifuniko chenyewe. Mjomba akalipa akinung'unika kwamba nimeanza kumtafutia gari magonjwa.

Kumbe ugonjwa wenyewe ulikuwa unapiga kelele tangu tulipotoka nyumbani. Mkanda wa injini, ambao wengi wanauita fanibelti ingawa kwenye gari kama hili feni inazungushwa na mota yake ya umeme, ulikuwa ukilia kama nguruwe anayechinjwa kila mjomba alipowasha AC. Mkanda unaolia umelegea, umezeeka au umelowa. Tiba ya mjomba ilikuwa kuusugua kwa sabuni ya mche kila Jumapili. Sabuni hunyamazisha kwa muda tu. Mkanda unateleza zaidi, unapata moto, na nyufa zinazidi kufunguka.

Tukapita Salgaa na kuanza kupanda kuelekea Sachangwan, nyuma ya lori la trela lililokuwa likitambaa. Mkanda ukalia, ukalia, halafu ghafla, kimya.

Mjomba akaachia tabasamu. “Mmesikia? Gari limejiponya!”

Papo hapo taa nyekundu ya betri ikawaka.

“Mjomba, simama,” nikasema.

“Hiyo ni ya betri,” akasema mwalimu, aliyekuwa amevaa miwani ili aisome vizuri. “Na betri ni mpya. Nilikuwepo ikinunuliwa.”

“Risiti ninayo,” mjomba akaongeza.

Taa hiyo imechorwa betri, lakini haizungumzii afya ya betri. Inasema oltaneta, ile jenereta inayozungushwa na injini, haichaji. Oltaneta ikiwa imekufa yenyewe na mkanda upo, unazima AC, redio na kila usichokihitaji, na mchana betri nzuri inaweza kukusogeza nusu saa au zaidi hadi kwa fundi. Lakini kwenye injini nyingi mkanda huo huo mmoja unazungusha oltaneta, kompresa ya AC na pampu ya maji. Ukikatika, maji hayazunguki, na mlimani injini inachemka ndani ya dakika chache. Kwa hiyo taa ya betri ikiwaka njiani, kazi ya kwanza ni kusimama, kufungua boneti na kuutazama mkanda kwa macho. Nilijaribu kuyaeleza haya yote. Mwalimu akaniambia ninyooshe mkono kwanza.

Nilikuwa bado nimeunyoosha ilipowaka taa nyekundu ya kipimajoto.

“Wewe!” shangazi akamfokea mjomba. “Simamisha gari, mimi sijaja kufia kwenye blanketi la watu!”

Shangazi hana ujuzi wowote wa magari, lakini ana sauti. Tukatoka barabarani, injini ikazimwa, nikaenda kuweka pembetatu zile nyekundu nyuma kabisa, maana malori ya pale hayaoni Toyota wala Mungu. Kumbe nyuma yangu mjomba amerudisha ufunguo kwenye ON ili aone kama gari limetulia. Nikasikia mlango.

“Zimewaka zote!” mwalimu alikuwa anapiga mbio kuelekea mtaroni, koti mkononi. “Hata ya birika!”

Injini ikiwa haizunguki na ufunguo uko ON, taa ya betri na ya oili, ile yenye mchoro kama birika, lazima ziwake. Ndiyo orodha ile ile ya asubuhi, ila asubuhi mwalimu alikuwa akitafuta mkanda wa kiti. Mjomba mwenyewe naye alikuwa ameshafika mtaroni. Aliyebaki ndani ni shangazi peke yake, akifunga upya utepe wa blanketi.

Nikafungua boneti. Puli zote, yale magurudumu madogo mkanda unamopita, zilikuwa uchi. Mkanda ulibaki vipande vipande kwenye kinga ya chini, vingine vimejisokota kwenye shafti. Nilipoinua kichwa nilimkuta mwalimu amekunja leso mara nne na ameshaishika kofia ya rejeta.

Nilimshika mkono. Mpwa hamshiki mshenga mkono, na alinitazama ipasavyo. Shangazi ndiye aliyeniokoa kwa kuuliza kwa nini maji ya rejeta yawe hatari kuliko maji ya chai. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji ya chai huchemka hapo kwenye nyuzi 94 hivi, pungufu ya mia ya vitabuni. Tulipokuwa ni juu zaidi, kwa hiyo yanachemka mapema zaidi. Ndani ya rejeta kofia inafunga presha, ndiyo maana maji yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukiifungua, presha inatoweka, sehemu ya maji inageuka mvuke kwa mpigo na kuyarusha yaliyobaki usoni pa aliyefungua. Mwalimu akaachia kofia, akaikunjua leso, akajifutia jasho kana kwamba ndiyo ilikuwa kazi yake tangu mwanzo.

Unasubiri mpaka hozi ya juu ya rejeta ishikike bila kuunguza na ibonyee ukiiminya. Hiyo ni nusu saa na zaidi. Feni nayo usiiguse, inaweza kuwaka yenyewe hata gari likiwa limezimwa.

Nusu saa ni ndefu kwa watu wanaongojewa na wakwe. Mjomba akapendekeza tuongeze soda kwenye rejeta, kreti ilikuwepo. Nikamwambia sukari itageuka gundi kwenye vile vitundu vidogo. Akauliza, na ile isiyo na sukari? Mwalimu akakumbuka kwamba zamani watu walifunga stokingi badala ya mkanda. Wanaume wote wakageuka kutazama mashamba huku shangazi akivua zake ndani ya gari, akitaja majina yetu moja moja. Kwenye zile injini za zamani zenye mkanda mwembamba wa umbo la V, puli mbili tatu, stokingi iliweza kukusogeza kidogo. Huu wa sasa ni mpana, una mifereji, unapinda huku na kule na unataka kuvutwa kwa nguvu. Mjomba alifunga fundo alilolisifu mwenyewe, nikawasha. Fundo lilizunguka mara moja, likaruka juu ya ua wa watu. Hakuna aliyethubutu kulifuata.

Simu ikalia. Binamu.

“Mmefika wapi?”

“Tunaingia Kericho,” mjomba akasema bila kupepesa jicho.

“Niko Kericho. Mko upande gani?”

Mtandao ukakatika, kwa msaada wa kidole cha mjomba.

Mgongoni mwa mkanda huwa kuna namba: 6PK1200, kwa mfano, maana yake mifereji sita na urefu wa milimita 1,200. Kipande chetu kilikuwa kimebaki na herufi na tarakimu ya mbele, urefu umeliwa. Nilihitaji kitu kisichovutika cha kupimia, na kilikuwepo kimoja tu. Nilisogeza oltaneta katikati ya nafasi yake ya kukazia, nikaupitisha utepe wa mama mkwe kwenye puli zote kwa njia ile ile ya mkanda, nikaukata. Shangazi hakusema neno, na hilo ndilo lililonitisha. Nikapanda boda boda kurudi Salgaa, mji wa malori, hakosekani muuza spea. Tulipanga mikanda kandokando ya utepe mpaka tukapata unaolingana. Nikabeba na maji, lita tano.

Kufunga si kazi ya kutisha. Kwenye gari lile unalegeza bolti mbili za oltaneta, spana ya 12 na ya 14, unauvisha mkanda kila mfereji mahali pake, unaivuta oltaneta kwa mtaimbo mdogo, unakaza. Ukikandamiza kwa kidole gumba katikati ya puli mbili zilizo mbali, uzame milimita kumi hivi. Ukilegea utalia, ukikazwa mno utaua beringi za oltaneta na za pampu. Injini ikawaka, taa zikazima moja moja, mita yangu ikasoma volti 14.1 kwenye betri. Kati ya 13.8 na 14.5 oltaneta ni nzima. Buluu ikawaka kidogo, mjomba akasogeza mkono kwenye kijiti, shangazi akaupiga.

Ahero tulikuta wakwe wamekwisha kula sehemu yao ya wali, na tukatozwa faini ya kuchelewa kabla hatujapewa viti. Mwalimu akasimama kututetea. Alieleza habari ya oltaneta, pampu na nyuzi 94 kwa ufasaha ambao mimi sijawahi kuufikia, na hakutaja mtaro hata mara moja. Wakwe walisikiliza kwa makini. Alipokaa, mzee wa boma akanisogelea na sahani yangu ya samaki ikiwa haijaguswa.

“Kijana, pikapu yangu ina ile taa ya birika. Huwaka nikikata kona, halafu inazima. Nimeizoea.”

Nikaacha samaki. Taa ya oili inapima presha, haipimi kiasi. Ikifika hatua ya kumeta kwenye kona, oili imeshuka hadi pampu inanyonya hewa kila inapoinama upande mmoja. Hiyo ukiiona unazima injini hapo hapo. Pikapu ilikuwa mahali tambarare, imelala tangu asubuhi, nikachomoa kijiti cha kupimia oili, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Kilikuwa kikavu ncha hadi juu. Ilimeza karibu lita mbili kabla ya kufika alama ya chini.

Niliporudi samaki alikuwa na mwalimu, mifupa tu, na mwalimu mwenyewe alikuwa amesimama tena, akidai ng'ombe mmoja aondolewe kwenye hesabu kwa sababu upande wetu umeokoa injini ya boma. Wakwe walijadiliana kwa muda mrefu. Walikubali kufuta faini.