Mzigo wa Jamhuri usipunguzwe, ubebwe inavyotakiwa

Kesi ya ubakaji ikianguka Newala au Liwale, kusini mwa Tanzania, barazani hapakosi mabishano. Wapo wanaosema sheria inamkinga mbakaji, maana Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ina mzigo wa kuthibitisha pasipo kuacha shaka jambo lililotendeka ndani ya mikorosho, bila shahidi mwingine. Wengine wanakumbusha kuwa adhabu ya chini kwa mtu mzima ni miaka 30 jela, na aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10 hufungwa maisha. Mtu hafungwi hivyo kwa kudhaniwa.

Uchungu wa hao wa kwanza ni wa haki. Lakini shahidi mwingine si lazima. Sheria ya Ushahidi inamruhusu hakimu kutia hatiani kwa maneno ya mwathirika peke yake, hata akiwa mtoto, mradi aridhike kuwa anasema kweli na aandike sababu zake. Wala si lazima apatikane na majeraha. Kuingiliwa hata kidogo kunatosha kisheria.

Zipo kesi zinazoangukia mahali pa kuudhi kabisa: umri. Kwa binti wa chini ya miaka 18 asiye mke wa mshtakiwa, ridhaa haina nafasi, ila umri wenyewe uthibitishwe. Hati ya mashtaka inataja miaka 14, mama anapanda kizimbani, anashuka, hakuna aliyemuuliza alimzaa lini. Swali moja tu! Cheti cha kuzaliwa si lazima. Mzazi, ndugu, daktari au binti mwenyewe anaweza kuutaja umri huo. Lakini ukitajwa kabla ya kiapo, hakimu anapoandika jina na dini ya shahidi, hauhesabiki kuwa ushahidi. Vivyo hivyo PF3 (fomu ya polisi anayoijaza daktari aliyempima mwathirika) iliyopokelewa bila kusomwa kwa sauti mahakamani: kwenye rufaa inaondolewa.

Halafu lipo la kwetu wenyewe, la kuyamaliza nyumbani. Wazee wanakaa, inatajwa fidia, siku zinapita, na polisi wanafuatwa pale fedha inapokosekana. Mahakama huuliza, kwa haki kabisa, kwa nini mtu aliyejulikana tangu siku ya kwanza hakutajwa mapema. Hapo naukubali utetezi: tuhuma iliyochelewa na kutanguliwa na madai ya fedha ni vigumu kuitofautisha na ya kutunga. Anayeonekana mwongo ni binti, ilhali waliochelewesha ni watu wazima.

Upande wa pili wa kizimba mara nyingi husimama mtu asiye na wakili, ambaye hata haki ya kuomba daktari aliyejaza PF3 aitwe aulizwe maswali haijui mpaka hakimu amweleze. Jamhuri ikipunguziwa mzigo, huyo ndiye atakayeanza kuumia, awe ametenda au hakutenda. Na mpelelezi aliyesahau kuuliza umri hatakuwa tena na sababu ya kuuliza.