Gesi ya magugu maji haiingii kwenye fueli seli hivi hivi

Jameni hii habari imenifurahisha sana, eti magugu maji ya hapa Kisumu yatoe biogesi na hiyo gesi iingizwe moja kwa moja kwenye fueli seli zile za seramiki, vile vifaa vya kugeuza gesi kuwa stima bila kuichoma kwa moto, itoe stima, lakini hapo kwa "moja kwa moja" ndio mimi nashtuka. Zile seli zinachemka digrii 700 kwenda juu na anodi yake, yaani upande unaopokea gesi, ni ya madini ya nikeli, na nikeli ikikutana na methani (ndiyo gesi kuu ya biogesi) ikiwa kavu, bila mvuke, kwa joto hilo inaivunja, haidrojeni inatoka na kaboni inabaki. Si masizi ya kupanguza kama ya sufuria. Inaota nyuzi nyuzi ndani ya nikeli mpaka inaipasua, seli kwisha.

Dawa ni kuchanganya mvuke kwanza, mvuke mara 2 au 3 ya methani, ndio kaboni ikose nafasi. Kaboni dioksaidi iliyo kwa biogesi inasaidia pia ila pekee haitoshi, methani huwa nyingi kuliko hiyo. Alafu wasisahau kutoa salfa kwa hiyo gesi, hata kwa kuipitisha kwa chuma chenye kutu, maana salfa inalemaza nikeli hata ikiwa kidogo sana. Tafadhalini wekeni hiyo hesabu kwa bajeti mapema.