Mwanangu Kaenda Ujerumani, Aliyepotea Ni Mimi

Mtu akiniuliza naishi wapi, nasema London. Wala sidanganyi. Nakuru tuna mtaa unaoitwa London, uko huku chini ya Menengai, jirani na jaa la taka la Gioto, na upepo ukivuma kutoka upande ule huhitaji ramani. Kwa hiyo kijana wangu aliponiambia anakwenda kusoma ng'ambo, nilimjibu, "Mwanangu, wewe umezaliwa ng'ambo." Hakucheka. Wasomi hawacheki.

Akaenda Ujerumani kusomea uhandisi, katika mji ambao jina lake silitamki kabla ya kunywa maji. Sasa kila nikifika steji naulizwa, "Kijana anaendeleaje?" Hakuna hata mmoja anayeuliza baba anaendeleaje. Yeye alipanda ndege, akaletewa chakula, akalala, akafika. Mimi mwenye tuktuk ya mkopo ndiye niliyezunguka Ujerumani mwezi mzima kwa simu yenye kioo kilichopasuka.

Balaa lilianza Jumapili. Alitua Jumamosi jioni. Mama yake alikuwa amemfungia nyama ya kukausha, samli ya kutosha harusi, sukuma wiki iliyoanikwa juani na unga kilo nne. Pale uwanja wa ndege maafisa wakafungua sanduku. Kumbe Ulaya hairuhusu msafiri kuingia na nyama wala vitu vya maziwa kutoka kwetu. Nyama ikaenda, samli ikaenda. Mama yake mpaka leo anaamini wale maafisa waliketi wakala.

Asubuhi kijana akatoka na njaa kutafuta duka. Limefungwa. La pili limefungwa. Mtaa mzima milango imefungwa na hakuna mtu barabarani, akadhani kuna maandamano. Akanipigia, "Baba, nirudi ndani?" Nikamwambia rudi haraka, uondoke dirishani. Ni jirani yake wa Vietnam aliyemweleza kwamba huko Jumapili ni siku ya kupumzika, imelindwa hadi kwenye katiba. Katiba! Yetu ya mwaka 2010 ina ibara 264 na hakuna hata moja inayomwambia mama mboga afunge kibanda.

Basi ikabaki ugali. Huyo jirani akamwazima sufuria ya kuchemshia maziwa. Mwiko hakuna. Kijana akafungua begi la vifaa vya uhandisi, akatoa rula ya chuma. Nawaambia nilishuhudia kwa macho yangu kwenye video, mtoto niliyemlea anasonga ugali kwa rula, na mama yake huku amesimama katikati ya nyumba akipaza sauti, "Bonyeza ukutani! Geuza! Usiogope!" Unga ulikuwa umepanda mpaka sentimita kumi na mbili, tuliona wote. Ukoko ukashika, moshi ukapanda, na kile kidude cha darini kikaanza kulia. Bweni lote likatoka nje, kila mtu kwa mstari, wengine na taulo. Siku ambayo hata kutoboa ukuta ni makosa. Yeye alitoka na sufuria. Akala ugali kwa chumvi pale kwenye ngazi, watu hamsini wakimtazama.

Hiyo ilikuwa Jumapili, na nilidhani ndiyo mbaya. Sikuwa nimekutana na Jumanne.

Mnajua habari ya ile akaunti? Ili apewe viza, ubalozi ulitaka uone euro 11,904 benki kwa jina lake. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Tukafanya harambee. Jogoo alinadiwa mara nne. Mara ya mwisho alichukuliwa kwa shilingi 6,000 na shemeji yangu, ambaye hajalipa mpaka leo na jogoo keshamla. Robo ekari ya Njoro ikaenda. Chama cha mama yake kikamalizia kwa riba ambayo siitaji mbele ya watoto. Sasa zile pesa ukishaziweka zinafungwa kama mbuzi wa sikukuu, kijana anafunguliwa euro 992 tu kila mwezi. Sawa. Si haba.

Jumanne akapiga. "Baba, sina pesa."

"Una milioni."

"Imefungwa. Mpaka nifungue akaunti ya huku ndio waniingizie."

"Fungua."

"Benki inataka karatasi ya ofisi ya mji, ya kuonyesha ninaishi wapi."

"Iendee."

"Sheria inasema nijiandikishe ndani ya wiki mbili, lakini lazima niwe na miadi. Miadi iliyo karibu ni baada ya wiki tatu."

Nilizima tuktuk. Abiria wangu, mama mmoja aliyekuwa amebeba kuku wawili akienda Milimani, akasema hana haraka, tuendelee.

"Na wakikuona, wanataka nini?"

"Barua ya mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Anangoja amana. Anataka itoke kwenye akaunti ya benki ya huku."

Hapo yule mama wa kuku akaguna. Mimi nikamwambia kijana, si uende kwa chifu wa huko polepole, umpe kitu kidogo cha chai? Akashtuka. "Baba, huku unafungwa!" Nikamuuliza, sasa watu wenyewe wanafanyaje kazi?

Kwa hiyo milionea wangu akawa anakula mkate mkavu, na mimi wa tuktuk nikawa namtumia milionea pesa. Niliuza redio. Na karatasi ilipopatikana hatimaye, barua ya kwanza aliyoletewa ilikuwa ya kudaiwa ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na redio usiwe nayo. Nikamwambia waandikie kwamba redio ya ukoo wetu imeuzwa kwa ajili yao.

Kamati ya harambee nayo haikuvunjwa. Kamati zetu hazivunjwi, hubadilisha tu jina la kikundi cha WhatsApp. Mweka hazina, ambaye ni fundi wa makochi, akanikamata kwa kinyozi nikiwa nimenyolewa upande mmoja. Kasikia kwamba vyuo vya serikali vya Ujerumani vingi havitozi karo.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi tulichanga ya nini?"

Nikamweleza akaunti. "Kwa hiyo pesa zipo?" Zipo. "Zimefungwa?" Zimefungwa. "Na ni za nani?" Ni zake. "Na bado unamtumia zingine?" Kinyozi alizima mashine ili asikie vizuri. Sikuwa na jibu, na kichwa kilikuwa nusu.

Masomo yenyewe sina malalamiko makubwa. Siku ya kwanza ratiba imeandikwa saa nne asubuhi. Kijana akafika saa nne kasoro dakika kumi, ukumbi mtupu. Akanipigia akilia kwamba amepotea tena. Kumbe kuna herufi mbili ndogo pembeni, c.t., maana yake mhadhara unaanza saa nne na robo. Wajerumani! Miaka yote tunatukanwa kwa saa za Kiafrika, wenzetu wameipa yao jina la Kilatini. Halafu mwalimu alipomaliza, ukumbi mzima ukaanza kugonga meza kwa vifundo vya vidole, ko ko ko. Kwetu Nakuru ukigonga meza hivyo hotelini, ujue chai imechelewa. Kijana alidhani profesa anafukuzwa. Ndiyo makofi yao.

Maji nayo yalimtesa. Wiki nzima alichemsha ya bomba, maana sisi ya bomba hatuyaamini, na ya Nakuru yana floraidi ambayo hata kuchemsha hakuiondoi, tazama meno yetu, kahawia kama yametoka kiwanda kimoja. Akaambiwa ya huko yanywe tu. Kabla ya hapo alikuwa amenunua chupa sita, kafungua, kumbe yana gesi. Soda isiyo na sukari wala furaha. Lakini ni zile chupa zilizomfundisha kwamba kila chupa ya plastiki ya kutumika mara moja unailipia senti 25 juu ya bei, na ukiirudisha dukani, kuna mashine inaimeza na kukupa risiti ya kurudishiwa senti zako. Ni kama shilingi 35 na ushee. Kwa chupa tupu!

Mtoto wa London huyo. Kesho yake akaomba za bweni zima. Akajaza gunia. Akajipiga picha na gunia begani, meno yote nje, akaandika "Mungu ni mwema", akamtumia mama yake.

Hakumtumia mama yake. Alituma kwenye kikundi cha kamati.

Dakika tano hakuna aliyeandika. Kisha mwenyekiti: "Nauliza tu kwa heshima. Tumeuza ng'ombe ili kijana akaokote chupa?" Shemeji, yule wa jogoo, akaongeza, "Na Gioto iko hapa, mita mia tano, bila viza." Nikajaribu kueleza habari ya mashine. Wakaniuliza ni mashine ya nani. Mweka hazina akauliza kama gunia lile limeingizwa kwenye hesabu. Usiku ule nilitoka kwenye kikundi, asubuhi nikarudishwa.

Tangu hapo silali vizuri. Mwishoni mwa Oktoba wakarudisha saa zao nyuma, tofauti yetu ikatoka saa moja ikawa mbili, na mama yake akakataa mabadiliko hayo. Anampigia saa kumi na moja alfajiri ya hapa, huko ni saa tisa ya usiku, kumuuliza kama amevaa sweta.

Juzi ikawa zamu yangu. Saa saba usiku simu ikalia.

"Baba, umelala?"

"Hapana," nikasema, nikiwa nimelala.

Alikuwa hapati usingizi. Nikauliza ni baridi? Si baridi. Njaa? Alishakula. "Ni kimya, baba. Hakuna mbwa, hakuna boda, hakuna mtu anayehubiri kwa spika. Nasikia damu yangu ikitembea." Akanyamaza kidogo. "Washa tuktuk."

Na bei ya petroli mnaijua. Nikajifunga blanketi, nikatoka na ndala za mama yake, nikawasha. Nikaisogeza simu pale nyuma kwenye injini, ikanguruma na kukohoa kama kawaida yake, silensa nimekusudia kuifunga tangu Pasaka. Baada ya dakika chache nikasikia kijana anakoroma. Sikuzima mara moja.

Dirisha la jirani likafunguka. "Wewe mzee, unakwenda wapi saa hizi na blanketi?"

"Ujerumani."

Akafunga dirisha.