Wamezamia wengine, dhamana niweke mimi

Kwenye grupu letu la ukoo kuna ndugu yangu mmoja, mtu wa benki, namheshimu. Juzi mjadala wa viza ulipofufuka akaandika: "Tuwe wakweli, takwimu hazidanganyi. Watu wetu wanazamia." Nusu ya ukoo ikampigia makofi ya vikatuni. Nikaanza kuandika jibu, likawa refu, nikaona nisiwachoshe wazee. Nawachosheni ninyi.

Tuanze na hizo takwimu zisizodanganya. Oktoba 2025 Marekani ilitutia sisi Watanzania kwenye orodha ya nchi ambazo mwombaji wa viza ya matembezi au biashara anaweza kuambiwa aweke dhamana ya dola 5,000, 10,000 au 15,000. Anayeamua kiasi ni ofisa wa dirishani. Hiyo ya juu ni zaidi ya shilingi milioni 35, unaiacha kwao mpaka urudi. Desemba likafuata tangazo la rais wao, na tangu Januari 1, 2026 hata hizo viza zenyewe, pamoja na za masomo, zimesimamishwa kwetu, ukitoa makundi machache. Sababu wameiandika: asilimia 8.30 ya Watanzania waliokwenda kwa matembezi na biashara walipitiliza muda, na asilimia 13.97 ya wanafunzi na wale wa programu za kubadilishana.

Haya, igeuzeni hiyo 8.30. Katika kila mia, zaidi ya 91 waliondoka kwa wakati. Walikwenda kwenye harusi, mkutano, kumwona mjukuu, wakarudi na mabegi yao yamefungwa kamba. Hao ndio wanaoadhibiwa, maana aliyezamia keshazamia, haombi viza tena. Na ndani ya hiyo nane wamo pia waliochelewa kuondoka lakini wakaondoka. Halafu ni asilimia, si vichwa. Ukihesabu vichwa, zipo nchi za Ulaya ambazo raia wake wanaingia Marekani bila viza, na kila mwaka maelfu yao wanapitiliza. Hao hakuna anayewadai dhamana.

Ndugu yangu wa benki, nikija kwako kukopa utaangalia kama mimi nimewahi kulipa deni. Hutaniambia kwamba watu wa Temeke wanane kati ya mia walikimbia na mikopo, kwa hiyo wa Temeke wote tusikanyage kwenye tawi lako. Ukifanya hivyo utafukuzwa kazi, tena siku hiyohiyo. Ila likifanywa na ubalozi linaitwa tathmini ya hatari, na sisi tunaitikia amina.

Shangazi yangu ni mwalimu mstaafu. Aliomba viza ya nchi moja ya Ulaya, binti yake alikuwa anakaribia kujifungua. Akalipa euro 90, ambazo ukikataliwa hazirudi. Akapeleka barua ya serikali ya mtaa yenye muhuri, nakala ya hati ya nyumba, taarifa ya benki ya miezi sita, kitambulisho cha pensheni. Alitaka kuambatisha na picha ya banda lake la kuku, mia mbili wa nyama, kwa hoja kwamba hakuna mwendawazimu anayezamia Ulaya akaacha kuku wa wiki ya tatu. Binti yake akamkataza. Jibu lilikuja kwenye fomu yenye orodha ya sababu zilizokwishachapwa, na kwenye kisanduku kimoja pana alama ya vema: kuna shaka juu ya nia yako ya kuondoka kabla viza haijaisha. Shangazi akaisoma mara kadhaa, akavua miwani, akauliza, "Nia yangu wao wameionea wapi?"

Swali hilo sijaona aliyelijibu. Mahakamani hata mwizi wa kuku anahesabiwa hana hatia mpaka ithibitike. Kwenye dirisha la viza mambo yamepinduliwa: sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1952 inamchukulia mwombaji kuwa amekuja kuhamia, na ni juu yake kuthibitisha kwamba sivyo. Thibitisha jambo ambalo hujalifanya na huna mpango wa kulifanya! Ulaya nao mwaka 2021 walirekebisha sheria ya mfumo wao wa taarifa za viza, ikaruhusu waombaji wapitishwe kwenye viashiria vya hatari: rika, jinsia, uraia, mji unaoishi, kazi yako, sababu ya safari. Kuku hawamo.

Na mashine hizi zina tabia ya kujithibitisha zenyewe. Uingereza, kuanzia 2015, walikuwa na programu iliyompa kila mwombaji rangi: kijani, njano au nyekundu. Uraia wako ulichangia rangi yako, na ilikuwapo orodha ya siri ya mataifa yanayotiliwa shaka. Ukipewa nyekundu unachunguzwa zaidi na unakataliwa zaidi. Kule kukataliwa kunaongezwa kwenye hesabu. Taifa lako linazidi kuonekana baya. Anayekufuata anapewa nyekundu. Mashirika mawili, JCWI linalotetea wahamiaji na Foxglove linalopinga matumizi mabaya ya teknolojia, yalipoipeleka wizara yao ya mambo ya ndani mahakamani, programu ikazimwa Agosti 2020 kabla kesi haijasikilizwa. Kama takwimu zile hazidanganyi, mbona hazikupelekwa mbele ya jaji?

Ukipata viza usidhani umemaliza. Uingereza inaweza kulitoza shirika la ndege paundi 2,000 kwa kila abiria atakayefika bila hati sahihi, kwa hiyo kijana wa kaunta pale uwanjani kwetu amegeuzwa ofisa uhamiaji wa nchi ya watu. Anapiga picha pasi yako kwa simu, anaituma kwa mtu usiyemjua, mnasimama mnatazamana. Familia iliyo nyuma yako inakutazama pia.

Sawa, nakubali: kila nchi ina haki ya kujua nani anaingia. Na kuzamia kupo, mmoja wa waliozamia ana deni langu mpaka leo.

Wala sisi si malaika. Operesheni Kimbunga ya 2013, ya serikali yetu kuwasaka wahamiaji haramu Kagera, Geita na Kigoma, maelfu walisombwa kwenda Rwanda, Burundi na Uganda, wakiwamo walioishi hapa miongo kwa miongo. Kwa wengi kosa lilikuwa sura na lafudhi. Kenya, mpaka rais wao alipotangaza kuufuta utaratibu huo Februari 2025, kijana wa Garissa, kaunti ya Wakenya Wasomali, alikuwa akikalishwa mbele ya kamati ya wazee kuthibitisha Ukenya wake ndipo apewe kitambulisho. Anayechekelea hayo asinililie habari za ubalozi.

Tukirudi kwa Marekani, wenzetu wa nchi ya Mali nao walitiwa kwenye orodha ya dhamana Oktoba ileile. Wakajibu kwa kuwatangazia Wamarekani dhamana kama hiyohiyo, na mwezi huohuo wakaondolewa. Desemba, kweli, wakafungiwa kabisa, nao wakafunga mlango wao. Sisi Mmarekani anatua uwanja wa Kilimanjaro, KIA, na dola zake 100 za viza, hakuna anayemuuliza nani anamlishia kuku. Sisemi tulipize, hoteli za Arusha na Unguja zina watu wanaokula kutokana nazo. Nasema nilitarajia walau taarifa moja kali kutoka kwa wakubwa wetu, yenye hesabu ya wale 91 ndani yake.