Mto mmoja, sheria mbili: ubishi wa matairi ya theluji

Kati ya Gatineau na Ottawa kuna mto na madaraja machache. Mimi nalala Gatineau na kazi yangu iko Ottawa, kwa hiyo kila siku ya kazi navuka mpaka wa majimbo mawili ya Kanada, asubuhi na jioni. Mwezi Januari, saa moja asubuhi bado giza, foleni darajani inasogea kwa mwendo wa kinyonga. Gari lililo mbele yangu lina matairi ya theluji kwa sababu sheria inamlazimisha mwenyewe. La pembeni huenda halina, kwa sababu sheria ya kwao haimgusi. Theluji wanayokanyaga ni ile ile, na likiteleza moja litamgonga mwenzake bila kuuliza limesajiliwa wapi.

Upande wetu, Quebec, tangu 2008 gari dogo lililosajiliwa hapa haliruhusiwi kutembea katikati ya majira ya baridi bila matairi hayo. Mwanzoni kipindi kilikuwa 15 Desemba hadi 15 Machi. Kuanzia 2019 wakarudisha mwanzo wake hadi 1 Desemba, maana theluji ya kwanza haisubiri Krismasi. Ukikamatwa, faini ni dola 200 hadi 300 za Kanada. Na tangu Desemba 2014 tairi lazima liwe na alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S, yaani tope na theluji, peke yake hazitoshi tena, ingawa mpaka leo utamkuta muuzaji wa magari yaliyotumika akimwonyesha mgeni herufi hizo kwa kidole, kana kwamba ni muhuri wa serikali.

Ng'ambo, Ontario, sheria hiyo haipo. Serikali ya kule iliona ni afadhali ibembeleze: tangu 1 Januari 2016 kampuni za bima zinatakiwa kumpunguzia ada mwenye gari anayefunga matairi ya theluji. Punguzo lenyewe mara nyingi ni asilimia chache, pesa ya kunywea kahawa.

Nina rafiki Mrundi anayekaa Ottawa, na ubishi wetu juu ya jambo hili una miaka. Hoja zake si za kudharau. "Kaka," huniambia, "mji huu wanaupiga chumvi usiku kucha. Greda zinapita kabla sijaamka. Siku za theluji nzito hasa nazihesabu kwa vidole, na siku hizo napanda basi. Kwa nini ninunue matairi manane kwa gari moja?" Ya pili inauma zaidi: hata kabla ya sheria, takriban magari tisa kati ya kumi Quebec tayari yalikuwa na matairi ya theluji. Sasa, anauliza, sheria ilimbana nani kama si yule mmoja aliyebaki, ambaye pengine hakuwa mkaidi bali hakuwa na pesa? Na ya tatu: mtu akishafunga matairi mazuri anajiona bingwa, anakanyaga mafuta, mwisho wa siku hatari inabaki pale pale.

Hoja ya tatu nimeiona kwa macho, siwezi kuikana. Magari yaliyotumbukia mtaroni baada ya tufani ya theluji mengi ni makubwa, yenye matairi mazuri na madereva wenye haraka.

Lakini hoja ya kwanza imekosea mlengwa. Rafiki yangu anadhani ubishi ni wa theluji, kumbe kabla ya theluji kuna baridi. Mpira wa tairi la kawaida umechanganywa kwa ajili ya joto. Mafundi hapa hutumia kipimo cha nyuzi 7 za Selsiasi: chini ya hapo mpira ule unaanza kukakamaa, hata kama lami ni kavu na jua linawaka. Tairi la theluji limechanganywa libaki laini kwenye baridi kali, na uso wake umejaa mikato midogo kama ya wembe inayofunguka kila inapokanyaga na kung'ata barafu. Mifereji yake mipana nayo kazi yake ni kushika theluji, si kuitupa, kwa sababu theluji hushikana na theluji vizuri kuliko inavyoshikana na mpira. Mtoto yeyote wa huku aliyefinyanga donge la theluji anajua hilo bila kufundishwa.

Na chumvi anayoitegemea nayo ina kikomo. Baridi ikipita nyuzi 10 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida huanza kuchoka, na baridi ya namna hiyo Ottawa si ya kutangazia. Halafu kuna jambo wageni wengi hulielewa kinyume: barafu mbaya kuliko zote si ile ya baridi kali. Ni ile ya karibu na sifuri, inayoanza kuyeyuka, yenye utando wa maji juu yake. Siku ambayo wewe unashukuru kwamba leo kuna joto kidogo, ndiyo siku ya kukaa mbali na gari la mbele.

Mimi mwenyewe nililijifunza hili kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilikaa Ottawa, nikanunua gari lililotumika, muuzaji akanihakikishia matairi ni ya misimu yote. Jioni moja ya Desemba nikakaribia taa nyekundu polepole, mwendo ambao mtu angeweza kunikimbilia akanipita. Nikakanyaga breki. Pedali ikatetemeka chini ya mguu, ta-ta-ta-ta, na gari likaendelea na safari yake kama halijasikia. Lilisimama katikati ya makutano, pua ikiwa imeelekea pembeni. Hakuna aliyegongwa. Bibi mmoja ndani ya basi alinitazama kupitia dirishani, akatikisa kichwa taratibu.

Kesho yake nikaenda gereji. Fundi hakunihutubia. Alibonyeza tairi langu kwa kidole gumba, gumu kama kisigino cha kiatu. Kisha akanisogezea tairi la theluji lililokuwa limesimama ukutani, nje kwenye baridi ile ile, akasema nibonyeze. Lilibonyea kama kandambili.

Ndiyo maana wale wanaonijibu kwamba gari lao linavuta kwa magurudumu yote manne, nawasikiliza tu. Kuvuta kwa manne kunakusaidia kuondoka. Kusimama ni habari nyingine: kila gari lina breki kwenye magurudumu manne, liwe la bei gani, na kinacholisimamisha ni eneo la mpira lenye ukubwa wa kiganja kwenye kila gurudumu. Gari linaloondoka kirahisi linamficha dereva utelezi mpaka pale anapouhitaji ukweli. Na wapo wanaobana matumizi kwa kufunga mawili tu, mbele kwenye kuvuta. Hapo mbele panashika, nyuma panaachia, na kona ya kwanza mkia wa gari unataka kuwa kichwa.

Baada ya sheria, mamlaka za Quebec zilisema majeruhi wa ajali za majira ya baridi walipungua kwa takriban asilimia 5. Rafiki yangu anacheka: asilimia 5 tu? Mimi naisoma vingine. Kama karibu wote walikuwa tayari wamefunga, basi upungufu huo umetoka kwa wale wachache. Si kidogo.

Linalobaki ni pesa, na hapa ndipo namkubalia. Seti ya matairi manne mapya ya gari dogo pamoja na ringi za chuma inaweza kufika dola 800, na ya gari kubwa ikapita 1,500 kirahisi. Ongeza malipo ya kubadilisha mara mbili kwa mwaka, na kama unakaa ghorofani bila stoo, malipo ya kuyahifadhi. Wachumi wa mezani watakwambia matairi ya kiangazi yanapumzika wakati ya baridi yanafanya kazi, kwa hiyo mwishowe gharama zinakaribiana. Ni kweli kwa mwenye pesa ya kutanguliza. Kwa familia iliyofika Septemba, imelipa pango la kwanza na kununua makoti ya watoto wanne, hesabu ya miaka sita ijayo haisaidii Novemba hii. Sheria inayomlazimisha mtu kununua kitu cha dola 800 bila kumpa hata mkopo mdogo ni sheria nzuri iliyoachwa nusu.

Matokeo yake watu huenda kwenye mtumba, na huko kuna mtego. Tairi linaweza kuwa na mifereji mirefu ya kupendeza na bado likawa limekufa, kwa sababu mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Angalia ubavuni, mwisho wa namba zinazoanza na DOT: tarakimu nne. Ukikuta 2314, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Alama ya mlima bado ipo, ulaini haupo tena. Kina cha mifereji nacho kina ujanja wake: sheria inaridhika na milimita 1.6, lakini kwa kuanzia majira ya baridi ushauri wa hapa ni karibu milimita 5. Tairi halali kisheria linaweza kuwa kipara kwa theluji.

Kwa mtu anayetembea mjini tu, kuna njia ya kati: matairi yanayoitwa ya hali zote, ambayo yana alama ya mlima na yanaruhusiwa kukaa mwaka mzima. Yasichanganywe na yale ya misimu yote yaliyoniaibisha mimi. Yanashindwa kidogo na ya theluji kwenye barafu, na kiangazi yanalika haraka, lakini yanamwondolea mpangaji wa ghorofani gharama ya ringi, stoo na foleni ya gereji. Ningekuwa namshauri mgeni wa mwaka huu, ningeanzia hapo.

Matairi ya misumari, yenye ncha za chuma usoni, siyapendi kwa mjini, ingawa Quebec inayaruhusu kuanzia 15 Oktoba hadi 1 Mei. Kwenye barafu tupu hakuna anayeyashinda. Lakini siku nyingi za baridi mjini ni lami tupu, na msumari unakwangua lami, unapiga kelele, unatoa vumbi. Japani waliliona hilo vizuri: katika miaka ya 1980 miji ya kaskazini kama Sendai ililalamikia vumbi la lami mpaka mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuyadhibiti. Viwanda vyao vikageukia matairi laini yasiyo na misumari.

Cheni, ile minyororo ya kufunga juu ya tairi, ndizo zinazowachanganya watu kabisa. Wanaoniuliza wengi wameziona kwenye picha za milimani, wakadhani kila anayeishi kwenye theluji anazo kwenye buti la gari. Kwetu Quebec gari dogo haliruhusiwi hata kuzifunga kwenye barabara za umma. Zimeachiwa magari ya dharura, matrekta ya shambani na mitambo ya kuondoa theluji. Ukifika milima ya magharibi, hadithi inageuka. British Columbia malori mazito yanatakiwa kubeba cheni kuanzia 1 Oktoba hadi 30 Aprili kwenye njia za milimani. California, kwenye barabara kuu ya I-80 inayopanda mlima wa Donner, kuna ngazi tatu za amri ya kufunga cheni. R1 inamsamehe mwenye gari dogo lenye matairi ya theluji. R2 inamsamehe tu mwenye gari la kuvuta kwa manne lenye matairi hayo kote. R3 haimsamehi mtu. Na hao waliosamehewa lazima wawe wamezibeba. Mara nyingi barabara hufungwa kabla ya kufika R3.

Kwa wale wa nyanda za juu za Kenya hili si geni: matatu na pikapu zimefungwa cheni miaka mingi kwa ajili ya tope la masika. Kanuni ni ile ile, chuma kinachimba pale mpira unapoteleza. Tofauti ni kwamba barafu ni nyembamba, na chini yake kuna lami ngumu. Cheni ikikosa theluji ya kung'ata inajitafuna yenyewe. Pingili ikikatika inachapa bodi kama mjeledi, na mwendo wa gari lenye cheni ni kilomita 50 kwa saa, usizidi.

Binamu yangu anaendesha lori kwenye njia hizo za magharibi. Anasema kazi si kuendesha, kazi ni kulala chali kwenye matope ya theluji saa tisa usiku, taa kichwani, glavu zimelowa, ukitafuta ndoano ya ndani ambayo macho hayaioni. Unaitandaza cheni, unaipandisha juu ya tairi, unafunga ndani kwanza kisha nje, unasogea hatua chache, unasimama, unakaza tena. Asiyekaza mara ya pili hujuta. Alinunua zake na kujifunzia uani kwake mwezi wa tisa, akiwa na kaptula, majirani wakimcheka. Kwake ni mkate. Kwa rafiki yangu wa Ottawa zingekuwa uzito wa bure kwenye buti, na hapo angalau tunakubaliana.

Juzi mpwa wangu wa Dar alinitumia picha za gari alilolipokea bandarini kutoka Japani. Alikuwa anafurahia matairi: yana meno marefu, hayajalika, atakaa nayo miaka. Nikaikuza picha ya ubavu wa tairi. Pale palikuwa pameandikwa STUDLESS, yaani yasiyo na misumari, yale ya Japani niliyoyataja. Nikampigia, nikamwambia hayo ni matairi ya theluji, kwenye joto la nyuzi 33 lami ya Barabara ya Mandela itayatafuna kama sabuni, na breki zake kwenye mvua zitamshangaza. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama yanaweza kusafirishwa hadi Kanada, tugawane faida.