Landilodi, msimamizi wako akila pesa zangu nakudai wewe

"Sikumtuma." Hilo ndilo jibu la landilodi wengi wa Pipeline na Kayole, hapa Nairobi, msimamizi wa ploti akitoroka na pesa za wapangaji. Mimi jibu hilo silikubali, na mara nyingi hata sheria ya uwakala, yaani ya mtu kumfanyia mwingine kazi kwa niaba yake, tuliyorithi kwa Mwingereza, hailikubali.

Tazama geti lenyewe. Bango la "nyumba ya kupanga" lina nambari ya msimamizi. Funguo anazo yeye, risiti anaandika yeye, na ukichelewesha kodi anayekuja kupiga kufuli ni yeye. Landilodi anakaa huko Kiambu, hata sura humjui. Mambo yakiharibika ndipo unaambiwa kazi yake ilikuwa kuonyesha vyumba tu, si kushika pesa. Ungejuaje? Hayo waliambiana wao wawili.

Mahakama huuliza mwenye mali alimwonyesha mgeni nini. Akimweka mtu mahali ambapo yeyote angemdhania ana ruhusa, atabanwa na alichofanya mtu huyo. Uingereza, mwaka 1912, katika kesi ya Lloyd dhidi ya Grace, Smith, karani wa ofisi ya mawakili alimlaghai mjane akatia saini hati zilizompa karani mali yake. Ofisi haikupata hata senti, lakini iliamriwa kuwajibika. Na ni haki: karani waliajiri wao, si mjane.

Sasa yule broka wa Facebook mwenye picha za nyumba asiyowahi kuikanyaga ni habari nyingine. Landilodi hakumweka popote, na maneno ya broka peke yake hayamfungi. Mdai broka mwenyewe, ukimpata, kwa kudai ametumwa ilhali hakutumwa.

Na kama ukutani pamebandikwa kwamba kodi ni ya paybill pekee, nawe ukatuma kwa simu ya msimamizi ili upunguziwe mia tano, kwangu usije kulia. Ulijua.

Asiye na tangazo kama hilo abebe risiti, picha ya bango na meseji za M-Pesa aende Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na wakili si lazima. Kwenye fomu, jina la landilodi liwe la kwanza, la msimamizi lifuate.